Usikubali jino lizibwe kwa risini likiwa limeguswa na mate

Ahirisha miadi hiyo. Umeandika kwamba gego lako la chini litazibwa kesho kwa risini, kijazio cha plastiki chenye rangi ya jino, kwamba umeahidiwa kazi ya dakika kumi kwa pamba tu mdomoni, na unauliza kama rangi itafanana, na pia kizibo kitadumu miaka mingapi. Mimi nilikubali ahadi kama hiyo, na tundu lisilozidi kichwa cha njiti ya kiberiti likaniishia kwenye matibabu ya mzizi na kofia bandia ya kulifunika jino.

Risini haing'ang'anii jino kwa nguvu zake yenyewe. Daktari hupaka kwanza asidi ya fosforiki, aghalabu ya asilimia 37, kwa sekunde 15 hadi 30, nayo huichimba enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, vitundu visivyoonekana kwa macho. Akishaisuuza na kukausha, hupaka gundi nyepesi inayopenya humo na kugandishwa kwa mwanga wa bluu, na juu ya gundi hiyo ndipo risini hushika. Mate yakifika hapo kabla ya gundi, protini zake huvifunika vile vitundu, na kupuliza hewa hakuziondoi: ni lazima jino lisafishwe na kutiwa asidi upya.

Kwangu, pamba zilikuwa zimelowa chapachapa. Nilihisi mate yakitambaa juu ya gego, nikainua mkono, nikaambiwa nitulie kwa kuwa risini za siku hizi hushika popote. Kauli hiyo inaniudhi hadi leo, kwa sababu aliyeitamka alisomea kazi hii nami sikuisomea, na nilimwamini kwa sababu hiyo hiyo. Akapuliza hewa, akajaza tundu lote kwa mkupuo mmoja, akamulika mara moja, akanitoa kitini. Risini ya kawaida huwekwa kwa matabaka ya takriban milimita 2, kwa kuwa mwanga haupenyi vya kutosha chini ya hapo na kwa kuwa risini husinyaa inapoganda. (Zipo zilizoundwa kuwekwa nene zaidi, lakini nazo zina kikomo.)

Jino halikuuma kwa miezi mingi, na huko kutouma ndiko kulikoniponza. Ukingo wa kizibo uligeuka kahawia, nikadhani ni doa la kawaida, kumbe bakteria walikuwa wakipita kwenye mwanya mwembamba kati ya risini na jino. Usiku maumivu yalipoanza, uozo ulikuwa umeshafika kwenye kiini cha jino, penye neva, ambako kizibo hakisaidii tena.

Daktari aliyeliokoa jino alilizungushia kipande cha mpira chenye tundu, gego likachomoza peke yake, kavu. Kazi hiyo ilimchukua dakika mbili. Basi unapopiga simu leo kuahirisha, uliza kama watautumia mpira huo, na kama hapana, wakueleze watalizuiaje jino lisiguswe na mate. Wakisema tundu limeshuka chini ya ufizi na halikaukiki, waulize kuhusu amalgamu, kijazio cha metali cha rangi ya fedha, ambayo huvumilia unyevu kuliko risini, hata kama rangi yake huipendi. Uliza pia ukiwa kitini, kabla ya sindano ya ganzi, maana baada ya hapo mdomo utakuwa mzito na umeachamishwa, na mkono ulioinuliwa unaweza kupuuzwa kama wangu.