Re: Jagi la mvinyo lenye muhuri wa EPNS, shingo inacheza, na lina mabaka ya manjano. Nililoweke?

Usililoweke, mkuu. Majagi ya namna hii ya enzi za Malkia Victoria yana mwili wa kioo na shingo ya chuma, na mara nyingi kinachoviunganisha ni jasi. Maji yakipenya humo jasi inalainika na kubomoka. Huenda ndiyo sababu shingo inacheza.

EPNS maana yake si fedha tupu. Ni aloi ya shaba, nikeli na zinki iliyochovywa fedha kwa umeme, njia ambayo kampuni ya Elkington ya Birmingham, Uingereza, iliipatia hataza mwaka 1840. Hayo mabaka ya manjano uliyouliza, angalia yako wapi: yakiwa kwenye mpini na kingo tu, pale mkono unaposhika, fedha imelika na hakuna dawa ya kusugua itakayoirudisha. Ukizidisha, unamalizia iliyobaki.

Kusafisha: kijiko cha chai cha unga laini wa chaki, maji kidogo upate uji mzito, pamba, mkono mwepesi. Futa kwa pamba yenye unyevu, kausha papo hapo. Dawa za maji za kuchovya chombo kizima achana nazo, zinaingia kwenye maungio.

Shingo: kwangua jasi ya zamani kwa kijiti cha mbao, weka mpya (jasi 2 kwa maji 1 kwa uzito), acha saa 24. Gundi ya epoksi ni kali mno. Siku ya kufungua tena, kioo kitapasuka. Na mvinyo usilale humo.