Jibu: Perege wadogo wenye mayai, Bwawa la Hombolo (Dodoma)

Habari za leo, ndugu. Umeuliza kama perege unaowavua Hombolo, ambao hawazidi kiganja na tayari wana mayai, wanaumwa au wamevuliwa kupita kiasi.

Anza na umbo. Kichwa kikubwa kwenye mwili mwembamba ni dalili ya njaa. Akiwa amenona, ila ni mdogo na ana mayai, mimi huhesabu kuwa amedumaa, kwa sababu perege anayeandamwa na makokoro (nyavu za kukokota), tena katika maji yanayopungua, huwahi kuzaa badala ya kukua. Bwawa lenyewe ni la mwaka 1957 na tope limeshakula kina chake, hivyo kila kiangazi samaki hubanana. Jike hulea mayai na vifaranga mdomoni, hivyo akikutemea mkononi, mrudishe majini papo hapo, hata kama ndiye pekee uliyempata (najua inauma).

Ukiona vidonda, au minyoo ya njano kwenye matamvua, hilo ni suala jingine kabisa: mpelekee afisa uvuvi wa halmashauri samaki mzima kwenye barafu, kwa kuwa picha ya simu haitamsaidia.