Sina nyumba Florida: jibu kwa mdogo wangu na ndugu wote wa Mwanza

Wiki iliyopita mdogo wangu aliandika kwenye kundi letu la familia: "Dada, nyumba ya wazazi Buswelu imesimama kwenye lenta mwaka wa pili sasa. Wewe una nyumba Florida. Iuze tupaue hii, Mungu akijalia utanunua nyingine." Shangazi akamuunga mkono. Binamu wawili wakauliza kama wakija Marekani wanaweza kufikia hapo.

Nimekaa na ujumbe huo siku nne. Najibu kwa kirefu, tena hadharani, kwa sababu najua wapo wengine wa kwetu huku wenye kitu kama changu, na ndugu zao nyumbani wanaamini ni nyumba.

Mdogo wangu, sina nyumba Florida. Sijawahi kuwa nayo.

Ninachomiliki ni wiki moja. Wenyewe wanaiita taimushea. Wanachukua fleti katika hoteli ya mapumziko kule Orlando, wanaigawa kwa wiki za mwaka, kila wiki wanamuuzia mtu wake. Mimi na shemeji yako tuliuziwa wiki moja. Wiki nyingine zote za mwaka, tukifika pale mlangoni sisi ni wageni kama mgeni mwingine yeyote. Hata ile picha ya watoto kwenye bwawa la kuogelea ilipigwa ndani ya wiki hiyo, na Jumamosi saa nne asubuhi tulishakabidhi funguo.

Hati ipo kweli. Ile karatasi yenye muhuri niliyompigia baba picha mwaka 2014 si ya kughushi, imesajiliwa kaunti kama hati nyingine za ardhi. Baba akaenda nayo kwenye simu mpaka Mwaloni, akawaonyesha wenzake wa dagaa kwamba binti yake amenunua nyumba kwa wazungu. Niliposikia hivyo sikumsahihisha. Nilifurahi. Kwa hilo nawaomba radhi nyote.

Mnakumbuka tulivyohama. Mabatini, kile chumba cha juu kabisa kwenye mawe, maji tukipandisha kwa ndoo. Kisha Igogo, kisha Mkuyuni, na kila mahali mama anamsihi mwenye nyumba amwongezee wiki mbili. Mtu aliyekulia hivyo, ukimweka mezani ukamwambia "kuanzia leo wewe ni mmiliki", unamgusa penye kidonda. Yule muuzaji aliniuliza nilikulia wapi, nikamweleza, akaandika. Baadaye neno "mmiliki" likawa linatoka kila sentensi.

Tulikuwa tumeahidiwa tiketi za punguzo za bustani ya michezo ya watoto, tukitoa dakika tisini tu za kusikiliza. Tulitoka baada ya masaa matano. Watoto wanalia njaa, anaondoka muuzaji huyu anakuja mkubwa wake, bei inashuka, anakuja mwingine. Mwisho ikawa dola 16,000. Tukatoa 1,600, zilizobaki wakatukopesha wao wenyewe kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 10. Hiyo ni dola 232 kila mwezi. Nimeimaliza 2024. Ukijumlisha, kitu cha 16,000 kimenigharimu zaidi ya 29,000, na mimi nalea wazee zamu za usiku hapa Houston. Miezi ile niliyokuwa nakwambia "mwezi huu mbaya, mdogo wangu", mingi ilikuwa ni hii.

Na mkopo ukiisha hujamaliza. Kuna ada ya matunzo ya kila mwaka: rangi, magodoro, bima, mishahara ya wafagiaji. Tulianza na dola 720, mwaka huu ni 1,290. Uende usiende unalipa. Kimbunga kikiezua paa, wanaweza kuwachangisha wamiliki nje ya ada. Mkataba wetu hauna mwisho. Wewe chukulia uliwahi kusaini kulipa nauli ya kivuko cha Kigongo na Busisi kila mwaka maisha yako yote, uvuke usivuke. Daraja limefunguliwa Juni 2025, watu wanapita juu kwa magari, na wewe bado unadaiwa nauli.

Sasa kuhusu kuiuza. Nilishajaribu kabla hujaniambia. Niliingia eBay, soko la mtandaoni, kutazama wenzangu wanauzaje, nikakuta wiki za hoteli kama yangu zimewekwa kwa dola 1. Dola moja, na muuzaji anaahidi kumlipia mnunuzi gharama za kuhamisha hati. Wengine wanagawa bure na hawapati mtu wa kupokea. Sababu ni ile ada. Anayechukua wiki yangu anachukua na 1,290 ya kila mwaka, wakati angeweza kukodi chumba kile kile kwa wiki moja anayoitaka kwa pesa hiyo hiyo au pungufu, kisha akaenda zake bila kudaiwa chochote. Kiwanja cha Buswelu ukikiacha miaka kumi kinapanda bei. Hiki thamani yake ilianguka siku niliposaini, kwa maana sehemu kubwa ya bei ilikuwa ni gharama ya kunishawishi.

Nilipoweka tangazo ndipo simu zikaanza. Mtu mmoja, sauti ya upole, alisema anaye mnunuzi, kampuni inayotafutia wafanyakazi wake mapumziko, inatoa dola 14,000. Alijua jina la hoteli na namba ya wiki yangu. Akanitumia mkataba wenye nembo. Nitangulize dola 1,900 tu za kodi na za kufunga mauzo. Nikatuma. Mdogo wangu, hizo ndizo nilizokuwa nimekuahidi za mbao za paa, mwaka juzi mwezi wa nane. Simu ile haikupokelewa tena. Miezi mitatu baadaye akapiga mwingine akijiita mwanasheria, anaweza kunirudishia pesa niliyoibiwa, nitangulize 800. Huyo nilimkatia.

Nimekuja kujua baadaye kwamba wizi huu ni biashara kubwa. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za upande wa Puerto Vallarta, Mexico, wanaohusishwa na genge la Jalisco, genge la dawa za kulevya, kwa kuwaibia wenye taimushea kwa njia hii hii. Wanaowalenga zaidi ni wazee. Dalali wa Nyakato anaweza kukudai elfu kumi ya kukutembeza, lakini kamisheni yake anaila kiwanja kikishauzwa. Yeyote anayetaka kamisheni, kodi au ada ya hati kabla hujamwona mnunuzi, kata simu. Hilo nimelilipia dola 1,900, lichukueni bure.

Kuacha tu kulipa nilifikiria pia. Lakini deni linapelekwa kwa wakusanya madeni, wiki inanyang'anywa kwa sheria, na doa hilo linakaa kwenye rekodi yako ya mikopo kwa miaka. Huku bila rekodi safi hata kupanga nyumba ni shida. Zipo pia kampuni zinazojitangaza kukutoa, zinadai maelfu ya dola mbele. Sikutaka kudanganywa mara ya tatu.

Aliyenipa njia ni mama mmoja Mkongo ninayefanya naye kazi. Aliniuliza swali dogo: "Wenyewe waliokuuzia umeshawaomba waichukue tena?" Miaka kumi sikuwahi kuwaza hivyo. Nikapiga simu idara inayohudumia wamiliki, nikasema nataka kurudisha hati. Wa kwanza alijaribu kuniuzia wiki nyingine. Nikapiga tena, nikarudia neno lile lile, nikaandika na barua. Kumbe baadhi ya kampuni zina utaratibu huo na hawautangazi. Masharti yao kwangu yalikuwa mkopo uwe umekwisha, ada isiwe na deni hata senti, na wote tulioandikwa kwenye hati tusaini. Wametoza dola 300 za maandalizi. Mwezi uliopita mimi na shemeji yako tulisaini mbele ya mthibitishaji wa saini pale benki, karatasi zikaenda. Sasa nasubiri nakala iliyosajiliwa kaunti yenye jina la kampuni mahali pa majina yetu. Mpaka niishike mkononi, kisheria wiki ile bado ni yangu.

Kwa hiyo hakuna pesa inayokuja kutoka Florida. Sipati hata senti, na nashukuru wamekubali kuichukua.

Binamu zangu, mkija mtafikia kwangu Houston, vyumba viwili vya kupanga, mtalala sebuleni na mtakaribishwa. Mkialikwa mahali kwa zawadi na chai ya asubuhi ili mkasikilize jambo, msisaini siku hiyo. Mkiwa mmeshasaini, msione aibu, fungueni mkataba usiku huo huo. Florida sheria inakupa siku 10 kuvunja mkataba wa namna hii kwa maandishi na kurudishiwa pesa yote, na muuzaji hana ruhusa ya kukufanya uiache haki hiyo. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya ni siku 14. Kwenye mkataba wangu iliandikwa, ukurasa wa ndani. Niliisoma mwezi wa tatu baada ya kusaini.

Baba nimemwambia mwenyewe kabla ya kuandika haya. Nilimpigia Jumapili wametoka kanisani. Nilieleza yote bila kupunguza, akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mayu, hapo unapolala, kodi imelipwa?" Nikamwambia imelipwa mpaka mwisho wa mwezi. Akauliza watoto wanakula. Nikamwambia wanakula. Akasema basi, na kwamba fundi anataka bati za geji 28, wala si 30 kama mdogo wako alivyoandika, na Januari ile ada isipokuwepo tutajua tunaanza na ngapi.