Nyuki Wamejaa Mitufahani, Mbona Matunda Hayashiki?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina mitufaha minane ya aina moja, niliyoipanda katika mstari mmoja. Kila msimu huchanua sana na nyuki huvuma humo tangu asubuhi, lakini matunda yanayoshika ni machache na mengi hunenepa upande mmoja tu. Je, niongeze mizinga?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujagharamia mzinga hata mmoja, chukua tunda lililonenepa upande mmoja ulikate kwa upana, katikati. Utaona vyumba vitano vilivyopangwa mfano wa nyota, ambavyo kwa kawaida kila kimoja hubeba mbegu mbili. Tazama upande uliobonyea. Mara nyingi vyumba vya huko ni vitupu au vina mbegu zilizosinyaa. Mbegu inayokua ndiyo inayochochea nyama ya tunda iliyo karibu nayo, na mbegu haikui ua lisipopata chavua, yaani ule unga wa maua; kwa hiyo chavua inayofaa ilifika kwa uhaba.

Kwa maoni yangu, kasoro haiko kwa nyuki bali kwenye aina moja ya miti. Mitufaha mingi haizai vyema kwa chavua ya aina yake yenyewe, na kwa kuwa miti ya aina moja hutokana na vikonyo vya mti mmoja wa asili, minane yako ni sawa na mti mmoja. Nyuki naye hushikilia ua la namna moja katika safari yake, ndiyo maana vidonge vya chavua miguuni mwake kwa kawaida huwa na rangi moja. Tabia hiyo ni neema kubwa kwa mkulima, lakini shambani mwako inamfanya azungushe kutwa nzima chavua ambayo miti inaikataa.

Panda aina nyingine inayochanua siku zilezile, au ibebeshe (uiunganishe) kwenye matawi machache, na iwe jirani kabisa, kwa sababu nyuki hupendelea kuhamia mti unaofuata kuliko kuvuka shamba. Wakati unasubiri, matawi yenye maua ya aina hiyo yakitiwa kwenye ndoo za maji katikati ya miti yanasaidia.

Inafaa pia umtazame nyuki mmoja kwa makini. Akitua juu ya ua, manyoya yake husugua stameni (sehemu za ua zitoazo chavua) na stigma (ncha inayoipokea), na chembe zilizobaki kwenye manyoya hayo ndizo zinazochavusha. Zile alizokwisha kuzilowanisha kwa mbochi (maji matamu ya ua) na kuzishindilia miguuni ni chakula cha mzingani. Akisimama pembeni, juu ya petali, na kupenyeza ulimi kati ya mashina ya stameni, hunywa mbochi bila kugusa stigma. Hila hiyo hujifunza hasa kwenye aina ya tufaha iitwayo Delicious, ambayo stameni zake zina nafasi huko chini.

Mizinga ya ziada itakufaa baadaye, na hapo wakati ni muhimu kuliko wingi. Karl von Frisch, mtafiti wa nyuki na mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alieleza jinsi nyuki arejeaye anavyocheza mzingani ili kuwaonyesha wenzake upande na umbali wa malisho. Ukileta mzinga kabla ya maua kufunguka, watapashana habari za magugu ya jirani, na kuwageuza ni kazi. Ulete wakati takriban ua 1 kati ya 10 limefunguka, uchague wenye majana (watoto wa nyuki) mengi, maana nyuki wake hutafuta chavua kwa bidii, wala usinyunyize dawa ya wadudu hadi petali zote ziwe zimeanguka.