Swali: "epiousios" kwa Baba Yetu ni mkate gani?

Swali: Mwalimu habari, pasta wetu huku Kayole alisema mkate wa Baba Yetu si chakula, ati kwa Kigiriki ni mkate wa roho tu. Mamangu ni Mkatoliki, anaomba "mkate wetu wa kila siku", na Biblia yangu ya Union inasema "riziki yetu". Nani yuko sawa?

Jibu: Mamako na Biblia yako wote wako sawa, pasta ndiye amekaza sana. Neno ni epiousios, na kwa Agano Jipya lote liko kwa hiyo sala tu, Mathayo 6:11 na Luka 11:3. Origen, msomi wa kanisa wa Alexandria aliyekulia kwa Kigiriki, aliandika karne ya 3 kwamba wasomi hawalitumii na watu wa kawaida pia hawalisemi, akaona ni kama waandishi wa injili wamelitunga. Baadaye wasomi wakashikilia mafunjo fulani ya Misri (karatasi za zamani), orodha ya matumizi iliyochapishwa 1889, wakidhani neno liko hapo, halafu yakapotea, yakapatikana Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, 1998, kuyasoma tena kumbe imeandikwa elaiou, yaani mafuta!

Pasta analigawa epi, "juu ya", na ousia, "kiini". Jerome, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, alifanya hivyo kwa Mathayo, akaandika supersubstantialem, "ya kupita kiini", lakini kwa Luka akaweka quotidianum, ya kila siku, na Kigiriki ni kilekile. Mimi hiyo ya kiini hainiingii, manake ile i ya epi kawaida huanguka mbele ya vokali, ungetarajia epousios. Naona linatoka kwa epiousa, "inayofuata", ile Luka anatumia kwa Matendo 16:11 akisema siku iliyofuata. Jerome mwenyewe anasema Injili ya Waebrania, injili ya zamani isiyo kwa Biblia, ilikuwa na mahar, Kiebrania cha kesho.

Kwa hivyo ni mkate wa siku inayokuja, ukiomba asubuhi ni wa leo, ukiomba jioni ni wa kesho. Mtu wa mjengo anayelipwa jioni ndio apeleke unga nyumbani anaomba hivyo hivyo. Na haipingani na Mathayo 6:34, usisumbukie kesho, kwa sababu ukishamwachia Mungu hiyo kesho ndio unaacha kuisumbukia.

Pasta akitaka kuhubiri mkate wa roho, na ni somo zuri sana, aende Yohana 6, pale Yesu mwenyewe anajiita mkate wa uzima.