Maswali ya Wasomaji: Protoni Ina Kwaki Ngapi Hasa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari mjini Morogoro. Nimekuwa nikifundisha kwamba protoni ina kwaki tatu, yaani chembe ndogo zaidi zinazoiunda, hadi mwanafunzi wangu mmoja alipojumlisha uzito wa kwaki hizo akapata kama asilimia moja tu ya uzito wa protoni. Aliniuliza uliobaki uko wapi, na kwa nini kitabu kimoja kinachora duara lenye vitone vitatu ilhali kingine kinachora vitone visivyohesabika. Mchoro upi ni sahihi?

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako amehesabu vizuri. Kwa kipimo cha wanafizikia, yaani milioni za elektronivolti, tungamo la kwaki ya juu ni takriban 2.2 na la kwaki ya chini ni takriban 4.7 (juu na chini ni majina ya aina tu, si mahali zilipo). Protoni ina mbili za juu na moja ya chini, jumla 9.1, wakati protoni yenyewe hupimwa ikawa 938.3. Michoro yote miwili ina nadharia nyuma yake, ila kila mmoja ulibuniwa kujibu swali lake.

Vitone vitatu vinatokana na pendekezo la mwaka 1964 la Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja akifanya kazi peke yake. Kwaki ya juu ilipewa chaji ya theluthi mbili na ya chini chaji hasi ya theluthi moja. Ukijumlisha ubaoni, protoni inapata moja, na nyutroni, yenye moja ya juu na mbili za chini, inapata sifuri. Hilo pekee halinishawishi sana, maana chaji zilichaguliwa ili hesabu ikubali. Kinachonishawishi ni usumaku. Nyutroni haina chaji, lakini ina tabia ya sumaku, jambo ambalo lisingetarajiwa kama ingekuwa chembe isiyo na kitu ndani. Modeli ya kwaki tatu hukadiria kwamba usumaku wa protoni ukigawanywa kwa ule wa nyutroni, jibu liwe hasi 1.5; vipimo, yaani 2.79 kwa hasi 1.91, vinatoa hasi 1.46. Kwa modeli sahili kiasi hicho, huko ni kulenga shabaha. Lakini angalia: katika hesabu hiyo kila kwaki huhesabiwa kuwa na karibu theluthi ya tungamo la protoni, yaani kwaki pamoja na vyote vinavyoizonga, si kwaki tupu aliyoikuta mwanafunzi wako.

Mchoro wa pili ulianzia kwenye majaribio. Kuanzia mwaka 1967, huko Stanford, California, elektroni zilipitishwa katika mashine yenye urefu wa kilomita 3 na kugonga protoni za haidrojeni. Nyingi kuliko ilivyotarajiwa zilipinda kwa pembe kubwa, kana kwamba ndani ya gunia la pamba mna kokoto. Jerome Friedman, Henry Kendall na Richard Taylor walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1990 kwa kazi hiyo. Richard Feynman aliziita kokoto hizo partoni, bila kujifunga kwamba ni tatu, na tahadhari hiyo ilisaidia: ilibainika kwamba kwaki hubeba karibu nusu tu ya momenta (msukumo wa mwendo) ya protoni inayokimbia, na nusu nyingine hubebwa na gluoni, chembe zinazozifunga kwaki pamoja. Mashine ya HERA mjini Hamburg, Ujerumani, iliyogonganisha elektroni na protoni kati ya 1992 na 2007, ilionyesha kwamba kadiri protoni inavyochunguzwa kwa undani zaidi, ndivyo gluoni na jozi za kwaki na antikwaki (pacha wa kwaki wenye chaji kinyume) zinavyozidi kuonekana.

Nadharia inayobeba yote haya, iitwayo kromodinamiki ya kwanta, ilikamilika mwaka 1973, pale David Gross, Frank Wilczek na David Politzer walipoonyesha kwamba kani kati ya kwaki hulegea zikikaribiana. Fikiria mpira wa manati: ukilegea hauvuti, ukiutanua unavuta. Mwaka uliofuata watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walitunga modeli ya mfuko, ambamo kwaki huzunguka karibu huru ndani ya kiputo kinachobanwa kutoka nje. Ni modeli ninayoipenda kwa wepesi wake, ingawa usumaku wa protoni iliukadiria kuwa 1.9 badala ya 2.79. Mwaka huohuo wa 1974 Kenneth Wilson alipendekeza kugawa nafasi na wakati katika vijumba kama matundu ya wavu, ili kompyuta zikokotoe nadharia yenyewe; kufikia 2008 tungamo la protoni lilikokotolewa hivyo kwa tofauti ya asilimia chache.

Hapo ndipo jibu la mwanafunzi wako lilipo. Sehemu kubwa ya tungamo ni nishati ya kwaki zinazokimbia katika nafasi finyu mno, na ya gluoni zinazozizuia zisitoke, kwa ile kanuni ya Einstein kwamba nishati na tungamo ni kitu kimoja. Mjadala haujaisha kuhusu spini, yaani sifa ya chembe inayofanana na kujizungusha: tangu majaribio ya mwishoni mwa miaka ya 1980 katika CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, inajulikana kwamba spini za kwaki zinatoa sehemu ndogo tu ya spini ya protoni, takriban theluthi kwa vipimo vya baadaye, na mgawanyo wa iliyobaki bado unapimwa.

Darasani, endelea kuchora vitone vitatu unapofundisha chaji. Ukifika kwenye tungamo, chukua dasta.