Mwambieni Avue Viatu

Wiki iliyopita nilisimama mlangoni mwa chumba cha lishe cha CTC yetu, kliniki ya watu wanaoishi na VVU, nikawatazama wadogo zangu watatu, ambao hawajatimiza hata miezi miwili kazini, wakiwapima wateja uzito mmoja baada ya mwingine, wote wakiwa na viatu miguuni. Sikusema neno mbele ya wateja. Nayasema hapa bila hasira nyingi, kwa kuwa makosa yenu nayafahamu vizuri. Mengi ni yangu, ninyi mmeyarithi tu.

1. Viatu. Kila mmoja wenu anaweza kukokotoa BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, akiwa amesinzia, na anajua kwamba chini ya 18.5 ni utapiamlo na chini ya 16 ni utapiamlo mkali. Hesabu zenu hazinitii wasiwasi. Kinachonitia wasiwasi ni namba mnazoziingiza humo.

Nilipokuwa mgeni kama ninyi, wakati wa masika, alikuja kijana mwenye urefu wa sentimita 168 na uzito wa kilo 44, yaani BMI ya 15.6, akiwa ndiyo kwanza ameanza ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU. Nilimpa chakula dawa, ile lishe ya pakiti ya kutibu utapiamlo, pakiti tatu kwa siku pamoja na chakula chake cha nyumbani, nikamwambia arudi baada ya siku 14. Alirudi siku ambayo foleni ilifika nje ya geti, naye amevaa gambuti zilizojaa matope, na sakafu yangu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Sikutaka azivue pale. Nikampandisha kwenye mzani hivyohivyo, ukasoma 50.5, nikatoa kilo mbili za gambuti kwa kukisia na kuandika 48.5. BMI ikawa 17.2. Nilimpigia makofi, nikawaita wenzangu waje waone, nikampunguzia pakiti hadi mbili kwa siku, nikampa tarehe ya mwezi unaofuata, kisha nikaandika kwenye faili: "Anaendelea vizuri sana." Hilo neno "sana" bado linanichoma.

Fanyeni hesabu ambayo mimi sikuifanya. Pakiti moja ina gramu 92, kwa hiyo pakiti 42 alizokula hazikufika hata kilo nne. Mwili ungewezaje kujenga nyama ya kilo nne na nusu kwa wiki mbili? Yalikuwa maji. Siku ya kumi na moja baada ya makofi yangu, ndugu yake alimleta kwa bajaji, uso umevimba, akihema kwa shida. Daktari wa zamu alimvua gambuti, akabonyeza mguu juu kidogo ya kifundo kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale tukilitazama. Mguu wa pili ulikuwa vilevile. Nikamwuliza mgonjwa, kwa ukali wa mtu anayetafuta wa kumtwika lawama, kwa nini hakusema kwamba miguu inavimba. Akanijibu taratibu: "Sista, kandambili zangu zilikuwa haziingii tena, ndiyo maana nilivaa gambuti za kaka. Nilidhani utaniambia nivue."

Alilazwa wiki tano. Maji yalipotoka, mzani ulisoma kilo 41, pungufu ya siku ile ya kwanza. Alipona, na tangu hapo kila alipokuja kliniki alivua viatu mlangoni kabla hajasalimia, nami kila mara nilijifanya natafuta kalamu.

2. Uvimbe wa miguu yote miwili humfanya mteja awe wa daktari siku hiyohiyo, BMI isome vyovyote isomavyo, kwa sababu moyo, figo na ini navyo huvimbisha.

3. Mulikeni mdomo kwa tochi kabla ya kuandika kwamba mteja "hapendi" chakula dawa. Mwenye fangasi kooni hamezi hata mate yake.

4. Huruma isiwafanye mumshindilie pakiti mtu aliyedhoofu sana. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi kwa ghafla, fosfeti, madini ambayo mwili huyahitaji ili kupata nguvu, hushuka katika damu na moyo unaweza kusimama. Katika utafiti uliofanyika Mwanza na Lusaka kwa watu wazima wenye BMI chini ya 18.5, washiriki walianza na gramu 30 tu za lishe ya nyongeza kwa siku, wakapandishwa hadi gramu 250 baada ya wiki mbili za ARV. Utafiti huohuo ulionesha kwamba kuongeza vitamini na madini kwa wingi hakukupunguza vifo, kwa hiyo mwenzenu anayemwahidi kila mteja kwamba "vitamini zitamwinua" apunguze sauti.

5. Kupungua uzito ni dalili ya kifua kikuu, pamoja na kikohozi, homa na jasho la usiku. Ulizeni zote nne kila ziara, hata kwa yule mzee mcheshi anayewafanya mcheke mpaka mnasahau rejista.

6. Mama anayegawana pakiti na watoto msimgombeze. Waleteni watoto nao wapimwe.

7. Kile kiti cha plastiki kando ya mzani nilikihangaikia miezi mitatu, ili mtu asiyeweza kuinama akiwa amesimama apate pa kukaa na kuvua viatu. Jana nimekikuta kimebeba mafaili. Kesho nitapita saa moja na nusu asubuhi, na mafaili hayo nitapenda kuyaona kabatini.